Mtutu Uliovimba

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumelelewa na methali hii, nasi tunaitumia kwa nyumba, kwa ndoa, kwa vyama vya ushirika na hata kwa serikali. Ina hekima, wala sikusudii kuipinga. Lakini ukiitazama vizuri, msomaji wangu, utaona kwamba methali yenyewe imekwisha kuamua jambo moja kabla haijaanza kusema. Imekwisha kuamua kwamba ukuta lazima usimame, kwa sababu ndani yake watu wanalala. Je, ufa ukiwa katika kitu ambacho hatujaamua bado kifanye kazi gani? Hapo methali inatuacha njiani, tutafute wenyewe.

Swali hili lilinijia kwa njia ya bunduki. Ukoo mmoja wa kusini ya nchi yetu, ambao nimekuwa jirani yao tangu nilipohamishiwa huko kufundisha historia, una bunduki ya zamani ya Kijerumani ambayo mtutu wake umeharibika. Waliniita katika kikao chao niwape ushauri: mtutu utengenezwe, au uachwe? Mimi si fundi wa silaha. Waliniita kwa kuwa nilifundisha habari za vita ile, nao walidhani mtu ajuaye vita atajua na bunduki. Jibu nililowapa lilinichukua miezi kadhaa kulipata, na katika kulitafuta nilijifunza mambo ambayo sikuyafundisha darasani hata siku moja.

Kwanza tuijue bunduki yenyewe. Ni ile iliyobuniwa na ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser, wa mji mdogo wa Oberndorf, ikakubaliwa na jeshi la Ujerumani mwaka 1871, na kwa hiyo ikabaki na jina la mwaka huo. Hupakiwa risasi moja tu kwa wakati. Mpigaji hufungua komeo, hutia risasi nene ya milimita 11, hufunga komeo, hupiga, kisha huanza tena. Baruti yake ni ile nyeusi ya zamani, mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Ndani ya mtutu, au kasiba kama wasemavyo watu wa pwani, mna mifereji minne inayojipinda kama uzi wa parafujo, ili risasi ya timazi itoke ikizunguka na kwenda moja kwa moja. Kwa siku zake ilikuwa silaha ya kutisha. Lakini siku zake zilikuwa chache. Baruti isiyotoa moshi ilipovumbuliwa katika miaka ya 1880, majeshi ya Ulaya yalianza kuzitupa bunduki za namna hii, na Ujerumani yenyewe ikapata bunduki mpya mwaka 1888, na nyingine bora zaidi mwaka 1898.

Bunduki zilizopitwa na wakati hazikuyeyushwa. Zililetwa huku. Hermann von Wissmann alipokuja mwaka 1889 kupigana na Abushiri bin Salim na watu wa mrima, askari wake wa Kisudani na wale waliotoka Msumbiji walipewa silaha hizo ambazo Ulaya ilikuwa inaziaga. Askari wa Mjerumani walikuwa bado nazo mwaka 1905, wakati vita vya Maji Maji vilipoanza katika vilima vya Umatumbi kwa sababu ya pamba ya kulazimishwa na kodi na viboko. Vita vile vilipokwisha mwaka 1907, Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba watu 75,000 walikufa; wanahistoria wa baadaye wametaja hesabu kubwa zaidi, hadi 300,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na njaa, kwa sababu mashamba na maghala yao yalichomwa moto kwa makusudi. Lakini aliyechoma ghala alikuwa na bunduki begani, na mara nyingi bunduki ile ilikuwa hii.

Mwaka 1914 vita vya wakubwa vilipoanza, jeshi la Wajerumani huku lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 katika kompania 14. Kompania nyingi bado zilikuwa na bunduki ya 1871. Mwanzoni mwa Novemba mwaka ule, askari wa Kihindi na Kiingereza wapatao 8,000 waliteremka Tanga, wakapigwa na jeshi dogo la watu kiasi cha 1,000 chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Watu wanapenda kusimulia habari za nyuki walioingilia vita ile. Nyuki walikuwepo kweli. Lakini habari nyingine haisimuliwi sana: kila askari aliyepiga bunduki ya 1871 alijifichua mwenyewe, kwa maana wingu la moshi mweupe liliruka juu ya kichwa chake na kumwonyesha adui mahali alipolala. Baada ya ushindi, Wajerumani waliokota mamia ya bunduki za kisasa zilizoachwa na Waingereza, nao hawakuchelewa kuwagawia askari wao.

Nimeyaeleza haya kwa sababu katika kikao cha ukoo yule jamaa mmoja alisema, "Wazee wetu walitunza vitu. Kikiharibika walitengeneza." Ni kweli, na vita vile vinatoa mifano mikubwa. Mwezi wa Aprili 1915 meli ya Kijerumani iliyoitwa Rubens, iliyokuwa imejifanya ni ya Denmark, ilifukuzwa na manowari ya Kiingereza mpaka Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikazama penye maji mafupi. Ndani yake mlikuwa na bunduki zaidi ya 1,500 na mamilioni ya risasi. Ziliopolewa kutoka majini. Risasi zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa ikakauka, zikafungwa tena. Nyingi zilikataa kuwaka, lakini nyingi ziliwaka. Mwezi wa Julai mwaka uleule manowari ya Königsberg ilipoangamizwa katika delta ya Rufiji, mizinga yake kumi ilitolewa matopeni, ikakokotwa hadi Dar es Salaam, na katika karakana za huko ikaundiwa magurudumu ili ipigane nchi kavu. Waliokokota walikuwa watu wetu, mamia kwa mamia, kwa kamba.

Basi hawa walitengeneza kila kitu. Lakini tazama walikitengeneza kwa nini. Walitengeneza ili kipige. Mzinga ulipokosa makombora, au njia ya kuukokota ilipokwisha, Wajerumani walewale waliouopoa kwa taabu waliuharibu kwa mikono yao, adui asiutumie. Hawakuulilia. Na walipojisalimisha mwishoni mwa Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao siku hizi unaitwa Mbala nchini Zambia, bunduki walizoweka chini zilikuwa 1,071, na zilikuwa za Kiingereza na Kireno walizoziteka njiani. Bunduki walizoanza nazo vita zilikuwa zimechakaa, zimetupwa, zimezikwa au zimetekwa. Kwa askari, mtutu uliovimba haukuwa na historia yoyote. Ulikuwa chuma kibovu, akaomba mwingine.

Bunduki ya jirani zangu ni moja ya hizo zilizoachwa njiani. Ukoo unasimulia kwamba baba wa mzee wao wa sasa aliingia uaskari akiwa kijana, na mwaka 1917, wakati Lettow-Vorbeck alipokaribia mto Ruvuma na kuacha nyuma wagonjwa na wale asioweza kuwalisha, yeye alikuwa miongoni mwa walioachwa. Aliifunga bunduki kwa ngozi ya mbuzi iliyopakwa mafuta, akaifukia. Aliifukua miaka mingi baadaye, akaipeleka kwa mkuu wa wilaya wa Kiingereza, akapewa kibali cha kufukuzia nguruwe mashambani. Karatasi za kibali zipo, zimehifadhiwa pamoja nayo. Alifariki mwaka 1962. Tangu hapo bunduki imelala.

Nilipoletewa niitazame, kwanza nilihakikisha haina kitu ndani, kisha nilitoa komeo, nikauelekeza mtutu kwenye mwanga wa dirisha na kuchungulia kwa nyuma. Mtutu mzima huonekana kama kisima cha mwanga, na mifereji yake hupinda bila kukatika. Huu ulikuwa na madoa ya kutu yaliyokula chuma kama ndui. Hilo si ajabu, kwa kuwa zaidi ya nusu ya baruti nyeusi haigeuki hewa; hubaki kuwa masizi yenye chumvi inayovuta unyevu, na ndiyo maana askari walifundishwa kuosha mitutu kwa maji kabla ya kuikausha na kuipaka mafuta. Asiyeosha leo, kesho atakuta kutu. Lakini kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni palikuwa na jambo jingine: pete nyeusi, kivuli cha mviringo kilichokatiza mwanga. Nilipopitisha kidole kwa nje nilihisi chuma kimenyanyuka kidogo, kama nyoka aliyemeza yai. Mtutu ulikuwa umevimba.

Mtutu huvimba hivyo kwa sababu moja kubwa: uliwahi kupigwa ukiwa umezibwa. Udongo, kitambaa kilichosahauliwa, hata maji. Moshi wa baruti unapokimbia na kukuta mlango umefungwa, hugeuka na kusukuma ukuta. Chuma kikiwa kigumu mno hupasuka na kumuumiza mpigaji, na kikiwa laini, kama vyuma vya siku zile, hunyooka na kubaki na uvimbe. Na palipovimba panaweza kuwa na ufa ambao jicho halioni.

Yanaweza kufanywa nini? Nilimwuliza fundi mwenye leseni ya kazi hiyo, mtu mtulivu aliyenijibu kwa utaratibu. Njia ya kwanza ni kuukata mtutu nyuma ya uvimbe na kusawazisha mdomo mpya. Bunduki itakuwa fupi, itapoteza na kilengeo cha mbele, lakini palipobaki patakuwa pazima, kama hapana ufa. Njia ya pili ni kuuchimba mtutu kwa ndani na kuingiza mtutu mwembamba mpya, kama mtu anavyoingiza bomba katika bomba. Kwa nje hautajua. Njia ya tatu ni kutafuta mtutu mwingine wa bunduki kama hiyo na kuubadilisha. Njia ya nne ni kuugonga uvimbe urudi au kuujaza kwa kuchomelea, na hiyo alinikataza hata kuifikiria, kwa maana inapendezesha nje na kuacha hatari ndani. Njia ya tano ni kutoutengeneza kabisa: kusimamisha kutu, kupaka mafuta na nta, na kuuacha kama ulivyo. Akaongeza kwamba njia yoyote nitakayochagua, mtu asije akatia humo risasi za baruti ya kisasa, kwani mtutu ule haukuumbwa kwa nguvu hizo.

Halafu akanionyesha kitu ambacho sikukiona. Kwenye mtutu, kwenye komeo, kwenye vyuma vinavyoshika kitako, palikuwa na namba ndogo, na zote zilikuwa zinafanana. Wajerumani walizipiga mhuri huo kiwandani ili sehemu zilizolingana zisipotezane. "Hii imezaliwa hivi na imekaa hivi," aliniambia. "Ukibadilisha mtutu, utakuwa na bunduki nzima zaidi, lakini haitakuwa ile."

Nilirudi kikaoni na habari hizo, nikakuta ukoo umegawanyika. Mjukuu mmoja wa mzee, kijana mwerevu aliyefanya kazi na watalii, alitaka mtutu utengenezwe na bunduki isafishwe ing'ae, iwekwe ndani ya kioo na maelezo kwamba uvimbe wake wa zamani ulipatikana katika mapigano ya Tanga. Ukoo ulikuwa umeizoea hadithi hiyo ya Tanga. Watoto wote waliijua. Binti wa dada yake mzee, muuguzi mstaafu ambaye upande wa baba yake walikuwa watu wa Umatumbi, alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye hangetoa hata shilingi moja kuipamba bunduki ile. "Bibi yangu alizaliwa katika njaa ya Maji Maji," alisema. "Alikula mizizi. Mnataka ing'ae ili nani ajione?" Na mzee mwenyewe, aliyekuwa na miaka themanini na mitatu, alisema neno moja tu: itengenezwe ipige. Hakueleza sababu.

Hapo ndipo nilipokumbuka habari ya bunduki nyingine, ya mbali kabisa na kwetu. Mwezi wa Novemba 2014, katika hifadhi ya taifa ya Great Basin, jimbo la Nevada nchini Marekani, wataalamu wa mambo ya kale waliokuwa wakizunguka porini waliona bunduki ya Winchester imeegemezwa kwenye mti. Kitako chake kilikuwa kimepasuka na kuzama udongoni, mbao imekauka ikawa ya kijivu kama mti wenyewe, mtutu umeshika kutu. Namba yake ilionyesha kwamba ilitengenezwa mwaka 1882. Hakuna aliyeweza kusema nani aliiegemeza pale na kwa nini hakurudi. Ilipelekwa kwenye jumba la makumbusho la silaha huko Cody, Wyoming, ambako wapo mafundi wanaoweza kuirudisha iwe kama imetoka dukani. Hawakufanya hivyo. Waliipiga picha ya eksirei, wakaona haina risasi mtutuni ila moja iliyofichwa ndani ya kitako. Wakaizuia mbao isiendelee kumeguka, wakaishia hapo. Kama wangeing'arisha ingekuwa Winchester moja kati ya maelfu kwa maelfu ya aina hiyo. Ikiwa na kutu yake, ni ile iliyosahauliwa chini ya mti, na hakuna nyingine.

Niliwasimulia jirani zangu habari hiyo, nikadhani nimemaliza kazi. Mfano ulikuwa mzuri na ulinipendeza mwenyewe. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, kisha akaniomba nimsindikize nje. Tulikaa chini ya mwembe. Nilimwamkia tena kama desturi, akaitikia, akanyamaza kidogo.

"Mwalimu," alisema, "ile ya Wamarekani hawajui nani aliiacha. Hii yetu, aliyeivimbisha namjua."

Akanieleza. Baba yake alipofariki mwaka 1962, wazee waliamua bunduki ilie mara tatu kaburini, kwa baruti tupu bila risasi, kama heshima ya mtu aliyekuwa askari. Maganda matatu ya shaba yalijazwa baruti na kuzibwa kwa sufi. Yeye ndiye mwana wa kwanza, alikuwa na miaka ishirini na mmoja, akakabidhiwa apige. Bunduki ilikuwa imening'inizwa darini msimu mzima. Ndani ya mtutu, karibu na mdomo, nyigu wafinyanzi walikuwa wamejenga nyumba yao ya udongo, naye hakuchungulia. Mlio wa kwanza ulitoka umebanwa, kama mtu aliyezibwa kinywa. Vipande vya udongo viliruka juu ya waombolezaji. Wazee walitazamana, mmoja akasema marehemu amekataa, na bunduki ikarudishwa nyumbani. Milio miwili haikupigwa.

"Hawa watoto wanasema Tanga," aliendelea. "Sikuwahi kuwakanusha. Ilinifaa. Lakini baba yangu ninamdai milio miwili. Hapana, nimesema vibaya. Yeye ndiye ananidai."

Kumbe sikuwa nimelielewa swali hata kidogo. Nilikuwa nimepima kati ya kitu cha kutumika na kitu cha kutazamwa, kati ya askari na jumba la makumbusho. Mzee hakutaka bunduki ipige nguruwe, wala hakutaka ing'ae. Alitaka ilipe deni. Kwake yeye mtutu ule ulikuwa neno lililokatika katikati miaka sitini iliyopita, naye anaukaribia mwisho wake akiwa hajalimalizia.

Nilikwenda nyumbani nikalifikiria jambo hilo upya. Ukimsikiliza mzee, utasema utengenezwe haraka, kwani nani atamnyima mtu wa umri ule haja hiyo? Lakini kuna mambo matatu yaliyonizuia. La kwanza ni hatari. Mtutu mpya ukiingizwa ndani ya mtutu wa zamani, au ukikatwa, bado komeo na chumba cha risasi ni vya miaka zaidi ya mia na arobaini, vimelala ardhini miaka kadhaa, na atakayepiga siku hiyo atakuwa kijana mwingine wa miaka ishirini na mmoja, tena mbele ya watu. La pili ni sheria. Bunduki iliyolala na kibali chake ni jambo moja. Bunduki iliyorudishwa uhai ni silaha kamili, na kwa sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015 mzee akifariki haiwi mali ya kugawana kama ng'ombe. Ukoo ungekuwa umetengeneza, kwa fedha nyingi, kitu cha kuwatia katika matatizo.

La tatu ndilo zito, na ni lile ambalo mzee mwenyewe alinipa bila kukusudia. Uvimbe ule ndio ushahidi pekee wa siku ile uliobaki. Wazee waliokuwepo wamekufa. Vipande vya udongo vimerudi udongoni. Ukoo mzima unaamini Tanga. Mtutu ukikatwa au kubadilishwa, kitakachobaki ni hadithi ya vita, nzuri, isiyo kweli, na hapatakuwa na kitu kinachoweza kuipinga. Deni analotaka kulilipa lingefutwa badala ya kulipwa, kwa sababu pasingekuwepo tena na alama kwamba liliwahi kuwepo.

Yule muuguzi naye alikuwa na haki yake katika hesabu hii. Hatuwezi kusema bunduki hii hasa ilikuwa Umatumbi mwaka 1905; namba zake zinasema ilitoka kiwandani, hazisemi ilimpiga nani. Lakini dada zake walikuwepo. Kitu chenye historia ya namna hiyo kikitengenezwa kikang'aa, hung'arisha na yaliyo nyuma yake. Kikiachwa na kutu iliyosimamishwa, kwa uvimbe wake, hakimtukuzi mtu. Kinasema tu kwamba kilipita mikononi mwa watu, na kwamba wengine kiliwaumiza, na kwamba hata aliyekipenda kilimwaibisha.

Nilirudi kwa mzee nikamwambia hayo, polepole na kwa adabu, maana si rahisi kumwambia mtu wa miaka themanini na mitatu kwamba asilolimaliza libaki hivyo. Nilimpendekezea kwamba kama milio miwili ni lazima, iombwe ruhusa na ipigwe kwa bunduki ya mtu mwingine mwenye kibali na mtutu mzima. Alitikisa kichwa. "Ya mtu mwingine haimjui baba," alisema. Sikuwa na jibu la hilo, na mpaka leo sina.

Alikaa wiki mbili. Kisha akaitisha kikao, akawasimulia watoto na wajukuu wake, mbele yangu, habari ya nyigu. Yule kijana wa watalii aliinamisha kichwa. Nilidhani ni kwa kusikitikia Tanga yake, lakini baadaye alinyanyuka akaenda kukaa miguuni kwa babu yake. Yule muuguzi alilia kidogo. Mzee akasema mtutu usiguswe, ila kutu tu.

Kwa hiyo hivyo ndivyo ilivyofanywa. Fundi aliondoa kutu iliyolegea kwa mafuta na pamba, bila msasa, akaiacha ile nyeusi iliyoshikamana kwa kuwa hiyo haili tena chuma. Namba hazikuguswa. Uvimbe haukuguswa. Alipaka nta nyembamba nje na mafuta ndani, akaniambia kazi hiyo irudiwe kila mwaka kabla ya masika, na mikono mitupu isiguse chuma, kwani jasho lina chumvi kama baruti. Kitako kilichokuwa na mchwa kilitibiwa. Gharama yote haikufika hata robo ya bei ya kuingiza mtutu mpya.

Kazi yangu ilikuwa kuandika. Mzee alitaka karatasi ikae pamoja na kibali, nami niliiandika kwa mkono mara tatu mpaka akaridhika. Inaeleza bunduki ilitengenezwa na nani na mwaka gani ilikubaliwa jeshini, ilikuja huku kwa kazi gani, na kwamba bunduki za aina yake zilitumika dhidi ya watu wa Maji Maji. Inaeleza ilivyofukiwa mwaka 1917 kama ukoo unavyosimulia. Kisha inaeleza mazishi ya 1962, nyigu, udongo, na kijana aliyepiga, kwa jina lake kamili. Nilikuwa nimeandika mwishoni kwamba bunduki ililia mara moja kwa heshima ya marehemu. Mzee aliniomba nisomewe tena na mjukuu wake, akanikatiza mahali hapo. Alitaka niongeze kwamba ilipasa kulia mara tatu. Nimeongeza.